Mto wa Kiingereza wa Abu Yazid

Enzi zetu, kule Rufiji, mtoto alijua kufunga mtumbwi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Sababu yake ni rahisi: mtumbwi ulikuwapo, viatu havikuwapo. Nawaandikia wenzangu wa rika lile, tuliokwenda shule na kidumu cha maji mkono mmoja na fagio mkono wa pili. Leo tukiyasimulia hayo, watoto wetu hutusikiliza kwa uvumilivu, kama watu wanaosubiri tangazo la biashara liishe warudi kwenye video yao.

Nyumba yetu ilikuwa ukingoni. Sisemi karibu na ukingo, nasema ukingoni. Mama akimwaga maji ya kuoshea vyombo kutoka mlangoni, yalifika mtoni bila kupumzika njiani. Asubuhi kulikuwa na ukungu, harufu ya matope na moshi wa kuni mbichi, na kiboko mmoja aliyekohoa ng'ambo kama baba mwenye nyumba anayetaka watu wajue ameamka. Shule ilikuwa ng'ambo. Shamba la mpunga lilikuwa ng'ambo. Zahanati ilikuwa ng'ambo. Upande wetu tulikuwa na nyumba na makaburi tu, na aliyepanga mambo hivyo sijapata kumjua mpaka leo.

Kwa hiyo mtumbwi ndio ulikuwa kila kitu, na aliyenifundisha kuufunga ni mama. Kwanza kigingi: hupigiliwa kwa kulala kidogo, kichwa chake kikielekea nchi kavu, ili mtumbwi ukivuta kizidi kuzama badala ya kung'oka. Kisha kamba: huachwa na ulegevu. "Usiukabe," mama alikuwa akisema. "Mto unapanda na kushuka, na mtumbwi nao upande na kushuka." Mwisho fundo, na hapo ndipo kijiji chetu kilikuwa na sheria yake. Fundo lilikuwa la kuvuta. Unazungusha kamba kwenye kigingi, lakini badala ya kupitisha ncha yote unapitisha kitanzi tu, na ncha unaiacha ikining'inia nje. Mtumbwi ukivuta, fundo linakaza. Mtu akivuta ncha, linafunguka lote mara moja.

"Ncha ionekane," mama alisisitiza, "hata na mtu anayekuja mbio."

Maana watu walikuja mbio. Mwanamke kashikwa na uchungu, mtoto kaumwa na nyoka, na mkunga au dawa iko ng'ambo. Hakuna aliyepaswa kusimama hapo akikwangua fundo gumu kwa kucha huku mgonjwa analia. Mtumbwi ulikuwa na mwenyewe, lakini fundo lilikuwa la kijiji kizima. Mwenye mtumbwi akiamka asiukute, hakusema umeibwa. Alikaa akasubiri, na ukirudi alipewa habari za mgonjwa kabla ya kupewa kafi lake.

Bwana mmoja alirudi kutoka mjini na mnyororo na kufuli. Akaufunga mtumbwi wake kwenye mti, kwa ufupi, ukakaa umenyooka kama askari. Mvua zikanyesha juu huko, mto ukapanda, na kwa kuwa mnyororo haukuwa na ulegevu, maji yakaupita mtumbwi kwa juu. Yalipopungua tuliukuta chini, umepasuka, umejaa matope na kambale wawili. Kufuli lilikuwa zima kabisa. Bwana yule alilisifu lile kufuli kwa miaka mingi.

Namna mama alivyonipima niieleze vizuri, kwa sababu huko mbele itahitajika. Nikishafunga, alikanyaga mtumbwi kwa mguu na kuusukuma kwa nguvu. Fundo likishika, aligeuka akaenda zake bila kusema neno, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Likiachia, mtumbwi uliondoka, na mimi niliufuata kwa kuogelea, mama akiwa amesimama ukingoni na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, mkononi, akiyaangalia maji ya upande wa juu kwa ajili ya mamba. Leo nasikia kuna ofisi zinazoshughulikia wazazi wa namna hiyo. Mimi nilijifunza haraka sana.

Tulikwenda shule madaftari yamefungwa kwenye nailoni na nailoni imefungwa kichwani. Mtumbwi ukiwa umelala upande wa pili, tulipiga kelele mpaka mtu ng'ambo akasikia akauleta. Simu hatukuwa nazo, tulikuwa na mapafu. Mwalimu wa zamu alikagua kucha mstarini, na kucha zetu wana wa upande wa makaburi zilikuwa safi daima, kwa kuwa tulikuwa tumetoka kuziloweka mto mzima. Tulichapwa kwa kuchelewa, hatukuwahi kuchapwa kwa uchafu.

Msimu wa mpunga kuiva tulihamia dunguni, kile kibanda cha juu ya miti mirefu, tuamie ndege. Tulitupa madongo, tulipiga madebe, tulicheza kombolela katikati ya majani yaliyokata miguu. Gololi tulifinyanga kwa udongo tukazioka jikoni, na nusu yake zilipasuka kabla ya kuchezwa. Halafu ulikuja wali wa mpunga mpya, ambao harufu yake ilivuka mto peke yake bila mtumbwi, na kambale aliyekaushwa akaungwa kwa tui. Tulikula sinia moja. Kichwa cha samaki kilikuwa cha baba hata baba alipokuwa safarini, na tulikilinda, tukikitazama kikipoa. Siku hizi mtoto anaulizwa atakula nini. Sisi tuliulizwa kama tumenawa.

Baada ya darasa la saba sikuendelea. Nilipata kazi ya kuwasha na kuzima pampu ya umwagiliaji, nikaona si haki kuwasha kitu nisichokielewa, nikaanza kusoma vitabu vyake vya maelekezo nikiwa na kamusi pembeni. Miaka ilipita hivyo, pampu moja baada ya nyingine, hadi nikaletwa Jeddah kwa mkataba, nikakaa chumba kimoja na mafundi wengine mtaa wa Ruwais, ambao zamani ulikuwa wa wavuvi. Kisha bosi wangu wa sasa akanichukua Riyadh. Sina cheti cha uhandisi, ila yeye huniita Muhandis, nami nimechoka kumsahihisha.

Bosi huyu tunamwita Abu Yazid, kwa jina la mwanawe. Nyumba yake iko Al-Malqa, na nje ya mji ana shamba la mapumziko. Ni mtu mwema mwenye pesa nyingi na joto jingi, kwa hiyo kila kiangazi huipeleka familia yake Uingereza. Mwaka mmoja huko alikodi boti, ile ndefu nyembamba yenye vyungu vya maua juu ya paa, wakasafiri nayo mtoni kwa mwendo ambao bata waliwapita. Kila jioni alishuka ukingoni na nyundo, akapigilia vigingi viwili kwenye majani, akafunga kamba ya mbele na ya nyuma, akakaa kwenye kiti cha kukunja akitazama boti yake imetulia. Kazi tuliyopewa sisi kama wajibu, na wakati mwingine kama adhabu, yeye aliilipia. Alirudi Riyadh amebadilika.

"Muhandis," aliniambia, "nataka mto."

"Wa kumwagilia?"

"Wa kufungia boti."

Basi tukachimba mto. Ulizunguka shamba lote ukarudi ulikoanzia, maana katika jangwa maji hayana pa kwenda, na pampu zangu ziliyasukuma yazunguke kwa adabu. Chini tulitandika plastiki nene nyeusi, juu ya kingo tukaweka udongo kidogo na majani ya kijani. Ililetwa miti ile ya Kiingereza inayoinamia maji. Ikafa. Ikaletwa mingine, nayo ikafa, na ya tatu ilikuwa ya bandia. Bata walijengewa kivuli na bomba la kunyunyiza ukungu. Ukingoni kikasimamishwa kibao kwa Kiingereza, kikionya kwamba hairuhusiwi kufunga boti hapa zaidi ya usiku mmoja. Duniani hapakuwa na boti nyingine iliyoweza kufika pale, lakini Abu Yazid alisema mto usio na onyo si mto wa Kiingereza.

Boti yenyewe iliundwa Jeddah, na mimi ndiye niliyetumwa kuifuata. Tuliipakia kwenye lori, tukaianza safari ya jangwani. Njiani polisi alitusimamisha, akaizunguka, akavigusa vile vyungu vya maua.

"Mnaipeleka wapi?"

"Riyadh."

"Bahari iko nyuma yenu," akasema, akaturudishia karatasi zetu kwa huruma.

Ilikuwa katika miezi hiyo ndipo mama alipopiga simu. Mto wetu, ule wa kweli, ulikuwa unakula ukingo. Kila masika ulichukua kipande, na sasa jiko lilikuwa limebakiza upande mmoja. Mdogo wangu alikuwa amemjengea nyumba ya matofali huko juu, karibu na barabara kuu, lakini mama hataki kuhama.

"Sitoki humu mpaka mwanangu mkubwa aje anitoe mwenyewe," aliniambia. "Nilikuzaa humu. Uje unishike mkono nitoke."

"Mama, maji yakija?"

"Njoo kabla hayajaja."

Niliujua ukaidi wake. Nilikuwa nimeogelea kwa sababu yake. Masika hayakuwa mbali, na mama hakuwa mtu wa kutishia bure. Nikamwendea Abu Yazid kuomba likizo. Alinisikiliza vizuri, akasema, "Mto kwanza. Tukiufungua salama, halas, unakwenda kwa mama yako." Bila idhini ya kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, hakuna safari, kwa hiyo tangu siku hiyo nyumba ya mama yangu ilikuwa imeshikwa na boti ya Abu Yazid.

Na boti ikakataa kufungwa. Abu Yazid alikuja na nyundo yake kutoka Uingereza, akapigilia kigingi cha kwanza kwa furaha ya mtoto, akafunga, akakaa kwenye kiti. Kigingi kilikuwa kimetoboa plastiki. Kufikia alasiri mto ulikuwa umeshuka, boti imekaa upande, na bata wamesimama kwenye tope wakitutazama.

"Muhandis! Maji mafi!" Mafi kwa Kiarabu chao ni hakuna.

Nikaziba. Akapigilia tena, mahali pengine. Nikaziba tena. Nilimshauri tuweke pete za chuma kwenye zege, kamba ifungwe hapo. Akakataa: utamu wote uko kwenye kupigilia. Mwishowe nilizika vipande vya bomba ndani ya zege, vimelala kidogo kama mama alivyonifundisha, nikavifunika kwa majani, nikamwonyesha kwa siri mahali pa kupiga. Sasa alipigilia kigingi ndani ya bomba, kikatoa mlio mzuri, kikashika, na hapakuwa na tundu. Nekesa, mpishi wetu kutoka Bungoma, aliyekuwa ameleta chai, alisimama akitazama.

"Ati mnapiga nyundo kitu imeshatobolewa?"

"Ndiyo, Dada Nekesa."

"Na yeye anajua?"

"Anajua."

"Aki nyinyi wanaume," akasema, akaondoka na sinia lake.

Siku ya ufunguzi walikuja wageni wengi, mavazi meupe, manukato, na tende za kila aina. Yazid, kijana wa chuo, alikuwa amekabidhiwa kupiga picha, kazi ambayo angeifanya hata bila kukabidhiwa. Abu Yazid alipigilia vigingi mbele ya watu, akapigiwa makofi. Kufunga kamba aliniachia mimi, kwa kuwa mikono yake ilikuwa inatakiwa kushikwa na wageni. Nikafunga. Mkono una kumbukumbu zake, na mkono wangu ulifunga fundo la kwetu, mbele na nyuma, ncha zikining'inia nje ili zionekane hata na mtu anayekuja mbio.

Mamake Abu Yazid, ambaye nyumba nzima humwita Hajja, alikuwa ameingizwa kwenye boti akae kivulini, na Nekesa akawekwa nyuma amshikie mwavuli. Hajja ni mtu wa Jeddah. Aliletwa Riyadh alipofiwa na mumewe, na tangu hapo hulalamikia hewa kavu kila siku baada ya kifungua kinywa. Aliketi mbele akiitazama kamba. Akainama. Akaivuta ncha, polepole, kama mtu anayekumbuka kitu. Kisha akamgeukia Nekesa akamwonyesha kamba ya nyuma, na Nekesa, ambaye ameajiriwa kutii, akaivuta.

Boti ikaondoka.

Pampu zangu zilikuwa zimefunguliwa kwa nguvu ya sherehe. Boti ilikwenda na maji, maua juu ya paa, Hajja mbele akiwa amenyooka, Nekesa nyuma akiushika mwavuli kwa mikono miwili na kuniita kwa sauti, "Mzee Mshamu! Mzee Mshamu, hii kitu inaenda!" Abu Yazid alikimbia ukingoni kanzu imeshikwa juu, wageni wakakimbia nyuma yake kwa heshima, na Yazid akakimbia mbele ya wote akirudi kinyumenyume, ili awapate wote kwenye picha. Mimi sikukimbia. Mto wa duara una faida moja, kwamba aliyepotea hurudi. Lakini sitaki kujisifu utulivu nisiokuwa nao: nilisimama pale nikiiona nyumba ya mama yangu ikielea na boti ile kuelekea nyuma ya miti ya bandia.

Ilirudi. Nikaikamata kamba, nikaivuta. Hajja alikuwa anacheka, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa amewahi kumwona akicheka na meno yote.

"Nani amefunga kamba hii?"

"Mimi, Hajja."

Abu Yazid alifika akihema. "Mjinga huyu! Angekuua!"

"Nyamaza," Hajja akamwambia, akanigeukia mimi. "Nani alikufundisha?"

"Mama yangu, Hajja. Kwetu tunafunga hivyo ili yeyote mwenye shida aweze kufungua."

"Baba yangu alifunga hivi hivi Ruwais," akasema. "Nilikuwa nikivuta ncha na kumwachia mashua yake iende, na yeye ananipa kipigo. Miaka hamsini sijavuta." Akanitazama. "Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai. Ananisubiri. Mto unakula nyumba yake, na hataki kutoka mpaka nifike."

Hajja akamgeukia mwanawe. "Na huyu anafanya nini hapa?"

Abu Yazid alikuwa amevuliwa hadhi mbele ya wageni na hakutaka kuvuliwa yote. Akasema akiniachia niende, nani atafunga boti? Hajja akanyoosha kidole kwa Yazid, ambaye alikuwa anatazama picha zake. "Huyu ana mikono. Afundishwe. Akiweza, Muhandis asafiri."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba likizo yangu, na mlango wa mama yangu, vikakaa mikononi mwa kijana wa kizazi hiki.

Yazid si mtoto mbaya. Ana adabu, huniita ami, na ananukia vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha kazi. Siku ya kwanza nilimwonyesha fundo. Akalirekodi. Nikamwambia afunge. Akasema amelielewa na atalitazama baadaye. Siku ya pili alikuja na miwani ya jua na kamba mpya ya rangi ya machungwa, kwa kuwa ile ya zamani haikuonekana vizuri kwenye picha. Akaniomba nifunge tena, polepole, mkono usizibe kamera.

"Sasa wewe."

"Ami, tayari watu wengi wameipenda."

"Wameipenda nini?"

"Fundo."

"Boti haijalipenda."

Alicheka, akafunga kitu. Nikasukuma boti kwa mguu. Ikaenda. Akairekodi ikienda. Mimi ndiye niliyeingia majini kuifuata, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa vyeupe. Nadhani watu wengi waliipenda hiyo pia.

Mama akapiga simu. Maji yamepanda kidogo, alisema, siyo sana. Kuku ameshawahamisha, wao hawana maneno mengi.

"Na wewe?"

"Nakusubiri."

Nekesa alinikuta jikoni nimeshika kikombe bila kunywa. Nilimweleza. Akaacha kukata vitunguu.

"Unamfundisha vibaya," akasema. "Unamfundisha kama mtu anaogopa kijana wa bosi. Mama yako alikufundisha hivyo?"

"Mama yangu aliacha mtumbwi uende, nami niufuate."

"Na kwa huyu ni nani anafuata?"

"Mimi."

"Sasa nani anajifunza?"

Sikuwa na mamlaka ya kumtupa majini mtoto wa kafili wangu. Nekesa alifuta mikono, akapanda juu kwa Hajja, na sijui walizungumza nini wala kwa lugha gani, kwa sababu Kiarabu chake ni cha jikoni na Hajja hana Kiswahili. Asubuhi iliyofuata Hajja alikuwa ukingoni kwenye kiti cha kukunja cha mwanawe, amevaa buibui na viatu vya raba, fimbo mkononi.

"Yalla," alimwambia mjukuu wake. "Simu."

"Bibi?"

"Nipe simu."

Akaiweka chini ya mapaja yake, mahali ambapo hapana mtu angeifuata. Yazid akafunga. Hajja akasukuma boti kwa fimbo. Ikaenda. Kijana akanitazama mimi. Mimi nikawatazama bata.

"Ni yako," Hajja akasema. "Ifuate."

Aliifuata. Maji yalimfika kiunoni, hayana mamba wala mkondo, yana dawa ya kuua wadudu na joto la chai. Akairudisha, akafunga, ikaenda tena. Alilia kidogo, siyo kwa uchungu, bali kwa viatu. Sisi enzi zetu tungelia pia kama tungekuwa navyo. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameacha kunitazama na ameanza kuitazama kamba. Kigingi, mzunguko, kitanzi, ncha nje. Hajja akasukuma. Fundo likashika. Akasukuma kwa nguvu. Likashika. Akainuka, akampa simu yake, akaondoka zake kuelekea nyumbani bila kusema neno, nami peke yangu pale nilijua kwamba kijana amesifiwa sana.

Yazid alibaki amesimama majini, simu mkononi, akitabasamu, na hakupiga picha. Nilimpa taulo.

Abu Yazid alitimiza ahadi. Alibonyeza simu yake mara chache, na ruhusa yangu ya kutoka na kurudi ikaingia kwenye simu yangu kabla sijamaliza kumshukuru. Nikaenda kukaa ukingoni nimpigie mama. Ilikuwa saa ya kupumzisha pampu, na mto wa Kiingereza ulikuwa umelala bila kwenda popote.

"Mama, nakuja. Wiki ijayo. Usihangaike, nitakutoa mwenyewe."

"Nimeshatoka."

"Lini?"

"Jana," akaendelea. "Wajukuu walikuja. Wale wale unaosema hawafai, wa simu. Waliitana hukohuko kwenye simu zao, wakapata trekta, wakachukua vitanda, masufuria, milango, hata fremu za madirisha. Mimi wamenikalisha kwenye kochi juu ya tela kama bibi harusi. Walikuwa wanaimba. Jioni jiko likaondoka na maji, nikaambiwa, mimi sikuona."

"Lakini mama, ulisema hutoki mpaka nije."

"Nilisema nasubiri mwanangu mkubwa. Nilikuwa nafikiria kijana. Halafu wakanionyesha picha yako iliyowafikia kwenye simu zao, umesimama kwenye maji unavuta chombo, ndevu zote nyeupe. Nikasema huyu atanishikaje mkono? Huyu mwenyewe wa kushikwa."

Akacheka, nami nikacheka, kwa kuwa ilikuwa kweli na kwa kuwa niliogopa kufanya kingine. Akanisimulia nyumba mpya. Sakafu ya saruji. Bomba uani. Usiku hasikii kiboko, anasikia malori. Nije tu, nilete tende, na nisilete zawadi za kijinga.

Tangu hapo nimekuwa nikifikiri, kwa mpangilio kama ilivyo desturi yangu, juu ya sisi na wao. Sisi tulijua kila kitu kuhusu mto ule: sauti yake, rangi yake kabla ya mafuriko, kina chake kwa urefu wa upondo. Na kwa kuujua hivyo tulikaa mlangoni pake mpaka ukala jiko. Wao hawajui hata kushika kafi, wakamtoa bibi yao kwa siku moja, wakiimba. Enzi zetu zilikuwa tamu na sitamruhusu mtu aniambie vingine. Ila wali ule wa mpunga mpya, sasa nikiukumbuka, tuliula tukiwa na njaa ya tangu asubuhi.

Wajukuu wamesema watanipokea barabarani, kwa sababu nyumba ya kwetu sitaijua. Ili nisihangaike wamenitumia ramani kwenye simu. Nimeifungua. Kuna alama nyekundu mahali mama anapolala sasa, kuna barabara kuu, kuna shule, ambayo siku hizi iko upande huohuo. Mto haukuwemo. Nikaisukuma ramani kwa kidole, nikaisukuma tena, nikaisukuma tena, hadi mstari mwembamba wa buluu ukachungulia pembeni mwa kioo.